Kutoka D Nne Hadi Joho la Uwakili

Kila matokeo ya kidato cha nne na cha sita yanapotoka, simu yangu haipumziki. Wazazi wa Sogea, Majengo na Mpemba, na wengine wa Vwawa na Mlowo, wanaleta swali moja: "Wakili, mtoto anataka sheria, asome wapi?" Wengi wanatarajia niwatajie jina la chuo kisha tuagane. Jibu langu ni refu kuliko hapo, kwa sababu njia niliyopita mimi haikuwa ile inayotajwa kwanza. Nimeona niiandike yote, pamoja na yaliyoniumiza, ili mwenye mtoto mwenye matokeo kama yangu ajue pa kuanzia.

Mimi ni mtoto wa Tunduma. Nilizaliwa huku kwetu kukiwa bado ni Mkoa wa Mbeya. Songwe ilikuja 2016. Mama alikuwa mama lishe, akiwauzia chai, chapati na maharage madereva wa foleni ya malori inayoanzia mpakani na ambayo siku mbaya hufika hadi Mpemba. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa 2019. Kabla ya hapo dereva alilala barabarani akisubiri karatasi zake zimalizwe upande huu, kisha azianze upya upande wa Nakonde. Foleni hiyo iliwachosha madereva, lakini ndiyo iliyotulisha sisi. Baba naye alikuwa dereva, akipeleka mizigo Lusaka na Lubumbashi.

Nikiwa kidato cha tatu, baba aliachishwa kazi. Tajiri wake alimwambia apumzike kidogo nyumbani, mambo yatakaa sawa, ataitwa. Baba alimwamini, akasubiri. Alipoona haitwi, alipanda Costa hadi Mbeya, kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, akajaza fomu namba 1. Alipofika kwenye tarehe ya kuachishwa, mambo yakaharibika. Sheria inataka mgogoro wa kuachishwa kazi ufikishwe Tume ndani ya siku 30, na za kwake zilikuwa zimeshapita. Leo najua kwamba aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, akaeleza kwa hati ya kiapo sababu za kuchelewa kwake. Baba hakulijua hilo, na hakuwa na mtu wa kumwandikia hicho kiapo. Alirudi usiku, akavua viatu mlangoni, akamwambia mama, "Tumechelewa." Kesi yake iliishia kwenye neno hilo. Tangu siku hiyo nilitaka kuijua sheria, hata kabla sijajua inasomwa wapi.

Mtihani wa kidato cha nne niliufanya 2012. Waliokuwa shule wakati huo wanaukumbuka mwaka ule. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi nzima walikuwa na divisheni sifuri. Waziri Mkuu aliunda tume, matokeo yale yakafutwa na kupangwa upya mwezi Mei. Mimi baada ya kupangwa upya nilibaki na D nne, na moja ilikuwa ya Kiingereza. Mtaani nilikuwa nimefeli tu, wala hakuna aliyejali kutofautisha. Mama peke yake ndiye aliyeuliza swali la maana: "Mwanangu, D nne si sifuri. Hizo nne zinafungua wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilipata kazi ya kuchapa kwenye steshenari moja karibu na mahakama ya mwanzo. Pale ndipo nilipoiona sheria kwa karibu. Wateja wetu walikuwa watu wa mpakani: mwenye cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa Ester na cheti cha shule kilichoandikwa Esther, dereva aliyepoteza leseni, mjane anayedai nyumba, mfanyabiashara wa mahindi aliyemkopesha mwenzake kwa mdomo. Kiapo cha majina nilikichapa mwenyewe tangu mstari wa kwanza hadi "nimeapa leo", nikarekebisha makosa, nikatoa nakala. Kisha namwambia mteja, "Sasa kipeleke kwa wakili agonge muhuri." Wakili alisoma karatasi, akamuuliza mteja kama yaliyomo ni kweli, akatia saini na muhuri wa Kamishna wa Viapo. Dakika chache tu. Malipo ya muhuri ule yalizidi mara kadhaa yale ya uchapaji wangu, na bila muhuri karatasi yangu haikuwa na kazi popote.

Siku moja nilimuuliza wakili yule, mtu anaanzia wapi hadi kuupata muhuri ule. Aliuliza matokeo yangu, nikamtajia kwa aibu. Hakucheka. Alichukua karatasi, akaniandikia njia mbili. Ya kwanza: kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikipata sifa niende kidato cha tano na sita, nipate "principal pass" mbili, niingie chuo kikuu moja kwa moja. Ya pili: cheti cha sheria mwaka mmoja, stashahada miaka miwili, kisha shahada kwa kile wanachokiita sifa linganishi. D nne zinatosha kuanzia cheti. Hapo swali la mama likapata jibu.

Nilichagua ya pili. Watu walinishauri nirudie mtihani, kwamba kidato cha sita ndiyo heshima. Lakini kurudia kulikuwa na "ukifaulu" nyingi mno ndani yake: ukifaulu kurudia, ukichaguliwa, ukifaulu tena cha sita. Cheti na stashahada kila hatua ilikuwa na karatasi yake mkononi. Nikikwama katikati, ningebaki na kitu cha kuombea kazi ya ukarani. Mtoto wa mama lishe anaihesabu hiyo.

Nilikwenda Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1998 na kinachofahamika nchi nzima kwa kuandaa watumishi wa mahakama. Ada ya mwanzo ilitoka kwenye mchezo wa mama: zamu yake ilipofika, wenzake wa foleni wakamkabidhi, yeye akanikabidhi mimi. Kutoka Tunduma hadi Lushoto unavuka karibu nchi nzima, Mbeya, Iringa, Morogoro, Chalinze, Segera, hadi Mombo ndipo unapanda milima ya Usambara. Likizo nyingi sikurudi nyumbani. Nauli ilikuwa chakula cha mwezi. Nilifua nguo za wenzangu na kuwachapia ripoti za mafunzo kwa vitendo, kazi niliyoijua kuliko hata somo.

Lushoto nilijifunza vitu ambavyo baadaye niliona wenzangu wa chuo kikuu wakihangaika navyo: namna ya kufungua jalada, mwenendo wa shauri, hati ya madai inakaaje, hukumu inaandikwaje. Nilipomaliza stashahada nilikuwa na GPA inayozidi 3.0, kiwango ambacho Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inakitaka kwa anayeingia shahada kwa sifa linganishi. Nikafikiri sasa njia imenyooka. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inagawanyika.

Nilirudi Tunduma, nikarudi steshenari, jioni nikawa naandika njia zangu kwenye daftari la mahesabu. Nazitaja hapa kwa sababu ndizo zinazowachanganya vijana hadi leo.

Njia ya kwanza ilikuwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitivo cha sheria ndicho kilichoanza kabla ya vingine vyote pale, mwaka 1961, na jina lake bado lina uzito. Shahada ya sheria pale ni miaka 4, unaishi Dar es Salaam na huna kazi. Mkopo sikuwa na uhakika nao, na mama hakuwa na mchezo wa miaka minne.

Ya pili ilikuwa Mzumbe, kampasi ya Mbeya, na vyuo vya Iringa. Ni karibu na nyumbani, lakini masomo ya kutwa yangenitoa kwenye steshenari. Tunduma hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 100. Huwezi kwenda darasani asubuhi na kurudi kufungua duka.

Ya tatu ililetwa na binamu yangu aliyekuwa akitaka kuingia jeshi la polisi. Alisema Mlimani kuna shahada ya sanaa katika utekelezaji wa sheria, miaka 3 tu, "sheria ni sheria". Ilinivutia kwa ufupi wake.

Ya nne ilitoka kwa shangazi wa Nakonde. Sisi Wanyamwanga mpaka ulitukuta tumeshakaa. Nusu ya ukoo iko Zambia. Alisema nisome Lusaka, atanipokea.

Ya tano ilikuwa Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, chenye kituo Mbeya. Hapo unasoma ukiwa kwako, unakwenda kituoni kwa vipindi vya ana kwa ana na mitihani, na unaendelea na kazi.

Nililipeleka daftari kwa wakili yule yule. Alilisoma, kisha akaniuliza, "Binti, unataka kuwa nani?" Nikasema nataka muhuri. Akasema basi nianzie kwenye mlango wa mwisho, nirudi nyuma. Mlango wa mwisho wa uwakili Tanzania Bara ni Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007 na kuanza kupokea wanafunzi 2008. Kabla yake wahitimu walifanya mazoezi ya kazi kisha wakahojiwa na Baraza la Elimu ya Sheria; siku hizi wote wanapita pale. Na mlango ule unafunguliwa na shahada ya kwanza ya sheria yenyewe, LLB. Shahada ya utekelezaji wa sheria ni nzuri kwa polisi, magereza au uhamiaji, na hapa mpakani watumishi wa aina hiyo wanahitajika, lakini mwenye nayo hapokelewi kwenye mafunzo ya uwakili. Angemaliza miaka 3 akakuta anatakiwa kuanza LLB upya. Shahada ya nje nayo lazima kwanza itambuliwe na TCU, kisha ujifunze upya mambo ya ardhi, ndoa na mwenendo wa mashauri ya huku, ambayo Lusaka hayafundishwi. Wakili akachora mstari juu ya njia ya tatu na ya nne.

Zikabaki LLB za aina tatu, na mbele ya Shule ya Sheria zote ni LLB. Tofauti ilikuwa kwenye maisha yangu, maana karatasi ilikuwa ileile. Nilichagua Huria.

Sitawadanganya kwamba Huria ni rahisi. Darasani mwalimu anakusukuma. Kule unajisukuma mwenyewe ukiwa umechoka. Mchana nilichapa, usiku nilisoma Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5, zote za 1999, kwa tochi ya simu umeme ukikatika. Kiingereza kilikuwa mlima. Sheria zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza cha kizamani, na mimi nilikuwa na D. Niliokolewa na TanzLII, tovuti inayoweka hukumu za mahakama zetu bure. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa Oktoba 2019 katika shauri la Rebeca Gyumi, lililohusu vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18, niliusoma na kamusi pembeni, aya moja kwa usiku mmoja. Nilipofika mwisho nilikuwa nimeelewa namna majaji wanavyojenga hoja, na Kiingereza changu hakikuwa kile cha mwanzo.

Katikati ya masomo mama alianza kuugua. Ilikuwa kisukari, na kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Tukawa watu wa hospitali, mara Vwawa, mara Rufaa Mbeya. Pesa ya steshenari iliishia kwenye dawa na nauli. Kuna msimu wa mitihani niliuacha ukapita nikiwa nimekaa kwenye benchi la wodi. Ningekuwa chuo cha kutwa, ningelazimika kuomba kuahirisha mwaka mzima au niache kabisa. Huria nilisubiri mitihani iliyofuata, nikaendelea pale nilipoishia. Mama alipopona, mguu wake ukiwa umepungua vidole, hakurudi tena kwenye foleni. Nikawa mimi ndiye wa kulisha nyumba. Shahada ilichukua muda mrefu kuliko wa wenzangu, na wapo walioniuliza kwa kejeli kama nasomea udaktari wa binadamu.

Nilipoimaliza, habari kutoka Shule ya Sheria zilikuwa za kutisha. Oktoba 2022 nchi nzima ilijadili matokeo ya wanafunzi 633: waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani 342, na waliotolewa kabisa 265. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Kila mtu alikuwa na mkosaji wake: wapo waliolaumu vyuo vikuu, wapo waliolaumu shule, wapo waliosema lugha. Nyumbani waliniuliza kama inafaa kuuza ng'ombe wa ukoo ili nikawe mmoja wa hao 265.

Nilikwenda. Ng'ombe waliuzwa wawili, steshenari nikamwachia mdogo wangu. Shule iko Dar es Salaam, na mafunzo yake ya mwaka mmoja yanataka uwepo. Njia ya Huria inaishia pale mlangoni. Nilipanga chumba Manzese na dada wawili wa Kigoma. Siku za mwanzo niliona haya kufungua mdomo darasani, maana wengi walitoka vyuo vyenye majina. Tulipoanza kuandaa nyaraka, hati ya madai, utetezi, maombi chini ya kiapo, hali ikageuka. Niliyoyachapa miaka yote steshenari, na yale ya Lushoto, yakawa mtaji. Wenzangu walijua nadharia ya kiapo. Mimi nilijua aya ya uthibitisho ikikosewa, kiapo kinatupwa. Tukakubaliana: mimi nawafundisha kuandaa nyaraka, wao wananifundisha kujieleza kwa Kiingereza. Jioni tulifanya mahakama ya kuigiza kwenye korido, mmoja hakimu, wawili mawakili, na mama mwenye nyumba akitutazama kama wendawazimu.

Matokeo yalipotoka nilikuwa na sapu. Nililia usiku mmoja, asubuhi nikachukua vitabu. Niliurudia mtihani ule, nikafaulu. Nikaandika ombi la kuandikishwa uwakili, na siku ikafika nikaapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Baba alikuja na mkongojo. Nilipotoka na joho, aliniuliza jambo moja tu: "Sasa ile ya kuchelewa, unaweza kuiandika?" Nikamwambia naweza, ingawa kwa kesi yake maji yalishamwagika. Akasema haidhuru, wapo wengine.

Na kweli wapo. Wiki haipiti bila dereva au utingo kuja ofisini na barua ya kuachishwa kazi. Kitu cha kwanza ninachoangalia ni tarehe. Waliochelewa tunaandaa maombi ya kuongezewa muda, na baadhi yanakubaliwa. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama zetu, kwa hiyo wateja wangu wanafuatilia kesi zao wenyewe, wananisahihisha hata mbele ya hakimu.

Sasa nirudi kwa wazazi na vijana wanaopiga simu. Kabla ya kuuliza chuo gani, amua kazi gani. Anayetaka ukarani wa mahakama, au kuwa msaidizi wa kisheria anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, aanze na cheti na stashahada, wala asione haya. Anayetaka polisi au uhamiaji, ile shahada ya utekelezaji wa sheria inamfaa. Anayetaka uwakili, au kazi yoyote inayodai kupita Shule ya Sheria, asikubali karatasi isiyoandikwa shahada ya sheria, hata akiambiwa ni fupi, hata akiambiwa ni mpya. Aangalie kama chuo na programu vimo kwenye mwongozo wa TCU wa mwaka husika. Kisha apige hesabu hadi mwisho: baada ya shahada kuna mwaka mmoja wa Dar es Salaam wenye ada, chumba na chakula. Wengi wa kwetu wanamaliza fedha zote kwenye shahada, wanabaki nyumbani na LLB ukutani.

Kwa mwenye uwezo na ufaulu wa kidato cha sita, asome kutwa, amalize mapema. Hiyo ndiyo njia bora kwake. Kwa mwenye D nne na mama wa kulishwa, njia ya cheti, stashahada na Huria ni ndefu, inachosha, lakini inafika. Mimi ni ushahidi wake. Na wewe uliyefeli mwaka huu, usimkabidhi mtu ada kwa sababu ya tangazo la barabarani. Tafuta kwanza mtu aliyekwisha kufika unakotaka kwenda, muulize alipokelewa kwa karatasi gani. Kuuliza hakulipiwi, ada hairudishwi.